Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kwa Nini Watu Huruka kwa Mwavuli, na Kuruka Huwabadilisha Vipi

Nilikulia Igombe, kando ya Ziwa Victoria, mahali ambapo ndege za uwanja wa Mwanza husikika kabla hazijaonekana. Tangu niliporuka kwa mwavuli kwa mara ya kwanza, watu wamekuwa wakiniuliza maswali yaleyale: ndani ya daladala za Kirumba, msibani, nje ya kanisa, na zaidi ya kote nyumbani kwetu. Nimeyapanga hapa kuanzia yale ya msingi hadi yale yanayowahusu wachache. Pale ambapo jibu linagusa jambo lililokwisha kuelezwa, ninamwelekeza msomaji huko badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

Kuruka kwa mwavuli ni nini hasa, na mtu wa kawaida huanzia wapi?

Ni kutoka ndani ya ndege ikiwa angani, kuanguka kwa muda bila kushikiliwa na kitu chochote, kisha kufungua mwavuli na kuuongoza mpaka ardhini. Mgeni wa mchezo huu kwa kawaida huanza kwa tandemu: yeye na mwalimu hufungwa pamoja kwa mikanda, mwalimu akiwa nyuma yake, na mwavuli mmoja mkubwa huwabeba wote wawili. Mkitoka kwenye ndege mkiwa kwenye kimo cha mita 3,700 hivi, mtaanguka kwa takriban sekunde 45 kwa kasi inayokaribia kilomita 200 kwa saa. Mwalimu hufungua mwavuli mkiwa kama mita 1,500 juu ya ardhi, na safari iliyobaki huchukua dakika 5 au 6 za kuelea taratibu.

Utaratibu huu wa wawili ulienea kuanzia miaka ya 1980. Kabla ya hapo, mwanafunzi alifundishwa ardhini kisha akaruka peke yake, mwavuli wake ukifunguliwa na kamba iliyofungwa ndani ya ndege, kama wanavyofanya askari wa miavuli hadi leo. Anayetaka kuendelea mpaka aruke mwenyewe husoma hatua kwa hatua. Kwa kanuni za Chama cha Parachuti cha Marekani, leseni ya kwanza hutolewa baada ya miruko isiyopungua 25.

Mkazi wa Mwanza huenda kuruka wapi?

Mimi, na wenzangu wawili wa hapa ninaowafahamu, tulikwenda Diani, kusini mwa Mombasa, ambako ndege hurukia uwanja mdogo wa Ukunda na warukaji hutua ufukweni. Tulipita Tarime, tukavuka mpaka wa Kenya pale Sirari, tukalala Nairobi, tukapanda treni ya reli mpya hadi Mombasa, kisha kivuko cha Likoni. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano na usipange ratiba ya kubana, kwa sababu upepo hauheshimu tiketi ya basi. Nilikaa siku mbili nikitazama bendera ikipepea kwa nguvu, na siku ya tatu tu ndipo tuliporuhusiwa kupanda.

Jambo moja la tahadhari. Wakala niliyemlipa mara ya kwanza hakuniuliza uzito wangu wala afya yangu, akapokea fedha na kunitakia safari njema. Nilifika nikakuta fomu yenye maswali yote mawili, na mwenzangu mmoja akazuiwa kwa uzito baada ya kusafiri zaidi ya kilomita elfu moja. Zungumza mwenyewe na watu wanaorusha, na uulize kila kitu kabla fedha haijatoka mfukoni. Gharama ya mruko mmoja ni mamia ya dola za Marekani. Kwa wengi wetu hiyo ni ada ya mtoto, na sidhani kuna mtu anayepaswa kukopa kwa ajili hii.

Nani anaruhusiwa?

Vituo vingi hudai umri wa miaka 18, uzito usiozidi kilo 100 hivi, na tamko la afya lililosainiwa. Maradhi yanayozuia yameelezwa chini, katika sehemu ya mwisho.

## Kwa nini watu huruka

Je, watu hawa hawana hofu?

Wanayo, tena nyingi. Hili ndilo kosa kubwa zaidi katika namna tunavyowafikiria. Katika miaka ya 1960 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Walter Fenz na Seymour Epstein, waliwapima warukaji mapigo ya moyo na upumuaji tangu walipofika uwanjani mpaka dakika ya kuruka. Kwa wanafunzi wapya, hofu ilipanda moja kwa moja hadi mlangoni mwa ndege. Kwa wazoefu ilipanda pia, lakini ilifika kilele mapema, kisha ikaanza kushuka, hata walipofika mlangoni mapigo yao yalikuwa yametulia kuliko yalivyokuwa ndege ilipokuwa ikipanda.

Ninalikumbuka jambo hili kila mtu anaponiambia, "Wewe una roho ngumu." Mzoefu huanza kuogopa mapema, wakati bado ana nafasi ya kukagua mikanda, kuuliza maswali na hata kushuka. Hofu yake imehamia mahali ambapo ina kazi ya kufanya. Mzee wangu, aliyevua dagaa kwa miaka zaidi ya thelathini, aliogopa hivyohivyo: jioni, kabla ya kusukuma mtumbwi, alipapasa kila ubao na kila mshono kwa kiganja, akakaa kimya kutazama mawingu ya upande wa Ukerewe. Akishaondoka ufukweni, aliimba.

Ikiwa wanaogopa, wanafuata nini basi?

Sababu ni nyingi, na mara nyingi mtu huzielewa baada ya kuruka. Wapo wanaokwenda kwa sababu rafiki amewaalika, au wametimiza miaka 40, au wameachika, au wamepona ugonjwa mrefu. George H. W. Bush, rais wa 41 wa Marekani, alidunguliwa katika vita mwaka 1944 akalazimika kuruka kwa mwavuli kutoka kwenye ndege iliyowaka. Akiwa mzee aliruka tena kwa hiari, na akaadhimisha hivyo siku zake za kuzaliwa za miaka 75, 80, 85 na 90. Ninaona wazi kwamba kuruka kwa hiari kulikuwa na maana nyingine kabisa kwa mtu aliyewahi kuruka kwa kulazimika.

Mfano unaonigusa zaidi, mimi niliyezaliwa katika nchi ya pamba, ni wa Georgia Broadwick. Alikuwa msichana wa North Carolina aliyefanya kazi kwa saa nyingi katika kiwanda cha nguo za pamba, na alikuwa tayari mama akiwa bado mdogo sana. Mwaka 1907 aliona kwenye maonyesho mtu akiruka kutoka kwenye puto, akaomba kujiunga na kundi lile. Mwaka 1913 akawa mwanamke wa kwanza kuruka kwa mwavuli kutoka kwenye ndege. Sina haja ya nadharia ndefu kuelewa kwa nini msichana wa kiwandani alitazama juu akatamani kuwa pale.

Nadharia ipo, hata hivyo, na inafaa kuijua. Mwaka 1974 Richard Solomon na John Corbit walieleza kwamba kila hisia kali huamsha mwilini hisia ya kinyume chake ili kurudisha utulivu. Mrukaji mpya hushikwa na woga mkubwa, akitua hubaki ameduwaa, kisha huanza kuongea na kucheka bila kukoma. Kadiri anavyorudia, woga hupungua na ile furaha ya baadaye huongezeka na kudumu kwa saa nyingi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kinachowarudisha watu uwanjani hutokea wakiwa tayari wamesimama ardhini.

Wavuvi wanazama ziwani wakitafuta riziki, na ninyi mnalipa fedha kukitafuta kifo. Huoni aibu?

Swali hili niliulizwa na shangazi yangu, na ninaliheshimu kuliko yote. Watu wa kanda hii hatuzungumzii hatari kama habari za mbali. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na Ukara, wakafa zaidi ya watu 200. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba, wakafa watu 19, na wa kwanza kuwafikia walionusurika walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Karibu kila ukoo hapa unaye mtu wake aliyechukuliwa na maji.

Jibu langu ni hili. Waliokufa siku zile hawakuichagua hatari, na hakuna aliyewaeleza kabla hawajapanda. Mrukaji ameichagua, ameelezwa, na ana haki ya kukagua na kukataa hadi dakika ya mwisho. Tofauti hiyo haifanyi kuruka kuwa jambo tukufu, lakini inanifundisha kitu kuhusu safari zetu nyingine. Siku niliyoruka, watu watatu tofauti walikagua mikanda yangu kabla sijaketi ndani ya ndege. Niliporudi Igombe nilipanda mtumbwi wa familia uliokuwa na watu tisa na jaketi okozi moja, nalo lilikuwa limekaliwa. Sikuweza kuvumilia. Fedha niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya mruko wa pili ilinunua majaketi manane, na mruko ukasubiri mwaka mzima.

Kwa hiyo sioni aibu, ila ninaona deni. Mtu akirudi kutoka angani na bado anavuka kwenda kisiwani bila jaketi, ninaamini hakujifunza kitu.

Je, huku si kumjaribu Mungu?

Wakristo wenzangu hunikumbusha habari ya Shetani aliyemwambia Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu, na jirani zangu Waislamu hunikumbusha katazo la mtu kujitia katika maangamizi kwa mikono yake. Sina elimu ya dini ya kumhukumu mtu. Ninavyoelewa, jaribu lile lilikuwa kuacha kila tahadhari ili kumlazimisha Mungu aokoe, na kuruka kwa mwavuli ni kazi ya tahadhari mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo, ambaye dhamiri yake haimruhusu asiende, wala asikubali kubembelezwa. Nimemwona mtu aliyesukumwa na wenzake mpaka akaruka. Alitua salama, na hakufurahi hata kidogo.

## Kinachotokea angani

Je, tumbo hupanda kama ndege inaposhuka ghafla?

Hapana, na hili huwashangaza wengi. Ndege inakwenda kwa kasi unapotoka, kwa hiyo upepo hukupokea tangu sekunde ya kwanza na mwili hubadilisha mwelekeo polepole. Baada ya sekunde kumi hivi kasi haiongezeki tena, kwa kuwa hewa inakusukuma juu kwa nguvu sawa na uzito wako. Unahisi umelalia kitu kigumu chenye kelele.

Hewa ya kupumua ipo. Joseph Kittinger aliyeruka kutoka zaidi ya mita 31,000 mwaka 1960, na Felix Baumgartner aliyeruka kutoka karibu kilomita 39 mwaka 2012, walihitaji mavazi maalumu yenye hewa. Kwenye kimo chenu huhitaji. Baridi ndiyo utakayoiona: joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kila mita 1,000, kwa hiyo ukiacha nyuzi 30 ufukweni utakuta nyuzi 6 au 7 juu.

Kumbukumbu yangu kubwa ni ya mlango. Ulikuwa wa kusukuma kando, na ulipofunguliwa harufu ya mafuta ya ndege ilitoweka mara moja, ikaja baridi. Mwalimu aliyekuwa nyuma yangu alipitisha mkono kwenye kulabu nne zilizotuunganisha, moja baada ya nyingine, akizivuta na kuzitaja namba kwa sauti. Kisha akaanza tena kutoka namba moja. Magoti yangu yalikuwa yakigongana, lakini masikio yangu yalishika zile namba kama mtoto anayehesabiwa fedha ya chenji, na alipofika nne ya pili nilikuwa tayari.

Ni kweli kwamba muda husimama?

Watu wengi husema hivyo, na kuna jaribio zuri kuhusu jambo hili. Mwaka 2007 David Eagleman na wenzake walichapisha matokeo ya watu walioangushwa kinyumenyume kutoka kimo cha mita 31 hadi kwenye wavu. Kwa wastani, kila mmoja alikadiria kwamba anguko lake lilichukua muda mrefu kwa zaidi ya theluthi kuliko la mwenzake alilolitazama. Lakini walipopewa kifaa cha mkononi chenye tarakimu zinazobadilika upesi, hawakuweza kuzisoma vizuri kuliko kawaida. Yaani macho hayakuwa yameongezewa kasi. Ni kumbukumbu iliyoandikwa kwa wingi zaidi, na baadaye wingi huo husomeka kama urefu wa muda.

## Namna kuruka kunavyobadilisha watu

Mtu hubadilika katika jambo gani hasa?

Nitasema niliyoyaona kwangu na kwa wenzangu, kwa kuwa maneno makubwa yamesemwa mno kuhusu jambo hili.

La kwanza ni kwamba mtu hujifunza kutenganisha hofu na uamuzi. Kabla ya hapo nilidhani kwamba nikiogopa jambo, basi nimeambiwa nisilifanye. Mlangoni mwa ndege nilikuwa na hofu kamili na uamuzi kamili kwa wakati mmoja, na havikupigana. Miezi miwili baadaye nilikwenda kumwambia mwajiri wangu kwamba hesabu za stoo hazilingani na kwamba nilijua sababu. Mikono ilitetemeka vilevile. Niliongea nikamaliza.

La pili ni unyenyekevu, na huu ndio unaowashangaza watu wa nje, kwa sababu wanatarajia majigambo. Anayerukaruka miaka mingi huwa mtu wa kuuliza maswali madogo: upepo unatoka wapi, nani alikunja mwavuli huu, mkanda huu umechakaa lini. Amekwisha kuona kwamba anga haimjui mtu.

La tatu ni dogo, nami nalithamini. Baada ya mwavuli kufunguka kelele hukatika ghafla, na mtu husikia pumzi yake mwenyewe. Mwenzangu mmoja, mama wa watoto wanne anayeuza sangara Mwaloni, aliniambia kwamba ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na miwili kukaa dakika tano bila mtu kumwita.

Je, woga wangu wa kimo utakwisha?

Usitegemee hivyo. Wapo warukaji wa miaka mingi ambao hawapendi kupanda ngazi ya kupaka rangi ukutani. Woga wa kimo huchochewa na ukingo unaoonekana, kama wa ghorofa au wa jabali. Kutoka mita 3,700 ardhi inafanana na ramani, na jicho halipati ukingo wa kuliogopesha. Mimi bado sisimami kwenye ncha ya mawe ya Capri Point.

Mabadiliko haya hudumu?

Furaha ya siku ile hudumu siku chache, pengine wiki mbili. Kinachobaki ni kile ambacho mtu amekifanyia kazi mapema, kabla picha hazijazoeleka. Wenzangu waliorudi na kuishia kwenye kuonyesha video wamerudi walivyokuwa, na sisemi hivyo kwa kuwadharau, kwa kuwa furaha pekee nayo si haba.

Je, yapo mabadiliko mabaya?

Yapo. Ile furaha inayokua kwa kurudiwa, niliyoieleza nilipomtaja Solomon, inaweza kumfanya mtu aone kila siku isiyo na ndege kuwa siku tupu. Fedha huondoka, na mke au mume hubaki nyumbani akisubiri simu. Mbaya zaidi ni uzoefu unaozaa kiburi: katika mchezo huu watu wengi huumia au kufa chini ya mwavuli mzima uliofunguka vizuri, kwa kugeuza kona kali karibu na ardhi. Mtu akianza kukuambia kwamba haogopi tena, mhurumie na umshauri apumzike.

Nimefiwa, au nimekata tamaa. Kuruka kutanisaidia?

Mwenye majonzi anaweza kupata faraja ya kweli angani, na nimewaona waliolia wakitua wakasema wamepata kupumua. Lakini kuruka si tiba, na mawazo mazito hurudi jioni ileile. Ikiwa unawaza kufa, au hujali kama utatua salama, tafadhali usiende kabisa. Mweleze mtu unayemwamini leo, nenda hospitali yenye huduma ya afya ya akili, na uiache safari ya Diani mpaka siku utakapotamani kurudi nyumbani kuisimulia.

## Hatari ilivyo

Mwavuli usipofunguka je?

Kila mrukaji hubeba miwili. Mkuu ukikataa au ukijisokota, hukatwa kwa kuvuta kishikio, na ule wa akiba hufunguliwa. Kuanzia mwaka 1991 kumeenea pia kifaa kidogo cha kielektroniki ambacho hupima kimo na kasi, na kikiona mtu bado anaanguka kwa kasi karibu na ardhi hufungua mwavuli wa akiba chenyewe, hata kama amezimia. Mwavuli wa akiba haukunjwi na yeyote tu: hukunjwa na fundi mwenye leseni, ambaye huandika tarehe na kusaini kwenye kadi inayokaa pamoja na mwavuli.

Hatari haiishi kwa hayo yote. Marekani, ambako kumbukumbu huwekwa vizuri, mwaka 2023 walikufa warukaji raia 10 katika miruko ipatayo milioni 3.65. Ni idadi ndogo sana, na kwa familia kumi ilikuwa yote. Majeraha ya vifundo vya miguu na mgongo wakati wa kutua hutokea mara nyingi zaidi, ndiyo maana mwalimu atakurudia kukuambia unyanyue miguu.

## Mambo yanayowahusu wachache

Nina ugonjwa. Naweza kuruka?

Shinikizo la damu lisilodhibitiwa, maradhi ya moyo, kifafa, ujauzito, bega linaloteguka na upasuaji wa karibuni ni sababu za kubaki chini. Mafua yanayoziba masikio yanaweza kuleta maumivu makali wakati wa kushuka, na mwenye homa ya malaria apone kwanza. Aliyezamia baharini kwa mtungi wa hewa, jambo la kawaida kwa wageni wa Diani, asubiri saa 24.

Nasisitiza selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa sababu kanda yetu ya ziwa ina wagonjwa wengi kuliko sehemu nyingi za nchi. Ndege za kuruka hazina mgandamizo wa hewa kama zile za abiria. Oksijeni hupungua kadiri zinavyopanda, na upungufu huo pamoja na baridi vinaweza kuamsha maumivu makali ya selimundu. Kama hujui hali yako na kuna selimundu katika ukoo, pima kwanza.

Inawezekana kurukia hapa, juu ya Ziwa Victoria?

Kwa elimu ya anga inawezekana, na natamani siku moja kuliona jambo hilo, likifanywa na watu wenye ujuzi na kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Ugumu wake ni wa mahali. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu na huongezeka alasiri. Usiku na alfajiri ziwa hujulikana kwa radi na dhoruba. Kanuni za Marekani huwawekea wanafunzi wanaoruka peke yao kikomo cha upepo wa karibu kilomita 22 kwa saa, kwa hiyo nafasi nzuri ingekuwa saa chache za asubuhi. Uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hufanya mwavuli utue kwa kasi kidogo zaidi kuliko Diani. Kisha kuna mawe. Tunajivunia kuitwa Jiji la Miamba, lakini hakuna mrukaji anayefurahia miamba ya matale mahali pa kutua.

Sijui kuogelea. Ni tatizo?

Pwani au ziwani, sema mapema. Kutua majini ni hatari kwa sababu kitambaa na kamba humfunika mtu na kumfunga. Mahali palipo karibu na maji huhitaji vifaa vya kuelea na maelekezo ya pekee. Kwa mkazi wa Mwanza, ninashauri fedha ya kwanza iende kwenye kujifunza kuogelea.

Nikifika mlangoni nikaghairi?

Unasema hapana, na mwalimu mzuri atashuka nawe ndani ya ndege. Fedha mara nyingi hairudishwi. Liseme neno hilo mapema na kwa sauti, kwa maana mkono unaoshika ukingo wa mlango wakati wa kutoka ndio unaoleta ajali.

Nimwambie mama kabla au baada?

Kabla. Nilijaribiwa kunyamaza, nikaona kwamba nisipomwambia, nitakuwa nimechagua hatari kwa niaba yake bila kumuuliza. Nilimkuta akianua dagaa kwenye vichanja, nikakaa, nikamweleza kila kitu, pamoja na ule mwavuli wa pili. Hakufoka. Aliendelea kukusanya dagaa kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Na huo wa akiba, mwanangu, nani anaukunja?" Nikamwambia ni fundi. "Unamjua?" Nikasema simjui. "Basi ukamwone kabla hujapanda, na uniambie anaitwa nani."

Asubuhi ya tatu kule Ukunda nilimtafuta. Alikuwa amepiga magoti juu ya turubai, kitambaa cheupe kimemzunguka, akinyoosha kamba moja moja kwa vidole. Nilimwambia nimetumwa na mama. Alisimama, akajifuta mikono, akanionyesha kadi yenye tarehe na saini yake, na akasubiri nipige picha ya kumtumia.